Kiraka cha Njano

Ujumbe uliingia asubuhi, wakati Sindano anatafuta soksi ya pili.

Simu ndogo ya Nokia ilitetemeka chini ya rundo la nguo ambalo mumewe alishaapa hatalipanga tena.

"Gauni lako liko tayari. Mkono wa kushoto umezidi."

Sindano, kama walivyomwita kazini, aliusoma mara moja, akaufuta. Gauni ni mzigo, na mzigo unatoka leo. Mkono wa kushoto ni mtu wa ndani. Kwa lugha ya watu wasio na siri, kuna mfanyakazi wa Taasisi ya Betri aliyeiba unga wa betri wa serikali na leo hii anaupeleka kwa mnunuzi kutoka nje.

Jua lilipopanda alikuwa ndani ya Toyota Corolla ya kijivu, akilitazama geti la nyuma la taasisi. Bastola ya Glock kwapani. Sikioni kipokea sauti kidogo kama punje ya mahindi. Kwenye kiti cha pembeni alirundika bahasha za kampuni ya bima, kwa sababu kwa majirani na kwa mumewe yeye alikuwa mkaguzi wa magari yaliyopata ajali. Uongo huo ulimkaa vizuri mwilini. Ulieleza safari za ghafla, ulieleza michubuko, ulieleza hata harufu ya baruti, ambayo alisema ni ya matairi yaliyoungua. Mumewe aliamini yote kwa miaka minane. Alikuwa mtu wa kuamini, masikini.

"Atatoka na chupa ya chai ya kijani," sauti ya Mjomba ilisema sikioni. Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Ndiye mkuu wa kitengo cha ujasusi, na watu walimwita hivyo kwa sababu alipenda kuagiza mambo mazito kwa sauti ya mtu anayekuomba umpitishie sukari. "Mfuate mpaka kwa mnunuzi. Chupa ikibadilisha mikono, sema 'kifungo'. Vijana wataingia."

"Na huyo msaliti?"

"Msaliti ni msaliti."

Geti likafunguka.

Akatoka mwanamume mrefu, mabega yameinama kidogo, shati limefungwa vifungo kombo. Mkononi alishika chupa ya chai ya kijani, kifuniko kimepasuka na kubanwa kwa raba nyekundu. Ile raba Sindano aliifunga mwenyewe, jikoni kwake.

Alikuwa mume wake.

Alibonyeza kipokea sauti sikioni.

"Mjomba, unamwona?"

"Namwona."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi. Mwanangu, nani mwingine anajua anavyotembea? Mfuate."

Akamfuata.

Wapo watakaouliza kwa nini hakushuka garini akamshika mkono, akamwambia, baba, unakwenda wapi na chupa hiyo? Swali zuri sana. Yeye mwenyewe atakuja kujiuliza mpaka kichwa kimuume. Lakini mtu akishakaa muda mrefu katika kazi ya kufuata watu, miguu hufuata kwanza na moyo hukumbuka baadaye. Aliliacha gari, akafunga koti lake la bluu, akajitia katikati ya wapita njia. Mbele yake mumewe alipita duka la dawa, akapita duka la kurudufu, akasimama kwenye taa za barabarani na kusubiri kijani ingawa hakukuwa na gari hata moja. Hata akienda kuiuza nchi, mtu yule angesubiri kijani.

Kazini walimwita Mpishi. Kazi yake ilikuwa kupika unga mweusi kama masizi, ule unaokwenda upande chanya wa betri, na ndiye pekee aliyejua kuupika ukatoka hai.

Sindano aliujua unga ule kuliko maafisa wote wa kitengo, kwa sababu aliusikia kila jioni na chakula. Siku moja Mpishi alimwaga mchele na choroko juu ya meza ya jikoni. Akaupanga mchele mstari, choroko mstari, mchele tena. Betri za watu wengine ndivyo zilivyo, alimweleza. Madini yamejipanga kama ghorofa, na lithiamu inapita katikati kama mtu anayepita kwenye korido. Tabu ni kwamba ghorofa zile husimama kwa kobalti na nikeli, na hayo ni madini ya kugombaniwa. Kisha akavuruga yote kwa kiganja. Hii ndiyo yangu, akasema. Umbo lake ni la fuwele ya chumvi ya mawe, lakini nani anakaa chumba gani, haijulikani. Lithiamu hapa, manganizi pale, titani kule, hovyo hovyo. Manganizi ni ya bei rahisi, ipo kila mahali. Walimu wake walimfundisha kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni takataka, lithiamu haina pa kupita. Mpaka ikagundulika kwamba ukizidisha lithiamu, ukaitia kuliko inavyohitajika, njia zinaungana zenyewe ndani ya vurugu.

"Kama kabati lako," akamalizia. "Ndiyo maana nilikuoa, Fujo. Nilijua njia ipo mahali fulani."

Tangu siku hiyo jina lake la nyumbani likawa Fujo. Alichukia kwa wiki moja, halafu akalipenda kuliko jina alilopewa na mama yake.

Mpishi alimwambia na jambo lingine, na hili ndilo la kushika. Adui wa unga ule si moto, ni kupoa. Ukishashindiliwa vidonge na kupikwa kwenye tanuri kwa joto la kupita digrii elfu moja, vidonge vyake lazima vichomolewe vikiwa vyekundu, vibanwe papo hapo kati ya mabamba mawili ya shaba ya baridi. Vipoe kwa kufumba na kufumbua, kabla atomu hazijapata nafasi ya kujitafutia majirani. Ukiviacha vipoe taratibu ndani ya tanuri, atomu hukaa vikundi vikundi na njia zinafungika. Rangi ileile, uzito uleule, madini yaleyale. Lakini unga umekufa.

Kubana vidonge hakumwachia mtu. Alifanya mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na haraka na koleo lilikuwa fupi, kila mara gumba la glavu yake ya kulia liliungua. Hakuna mkupuo uliopita bila alama ya moto. Glavu zile za ngozi alizileta nyumbani, akazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na mkewe alizishona. Alizishona vibaya. Mwanamke aliyefungua makufuli ya mabalozi kwa pini ya nywele, ngozi ilimshinda. Juzi alikuwa ametia kiraka kipya kwenye gumba, cha njano, alichokata kwenye mkoba wake wa zamani.

Jana Mpishi alirudi kutoka kupika mkupuo wa mwisho. Alitundika glavu. Kiraka kilikuwa cha njano vilevile, kisafi.

"Leo hujaunguza kazi yangu," mkewe alimtania.

"Leo nimeiheshimu," alijibu, akakisukuma chakula pembeni bila kumtazama.

Jicho lililofundishwa na serikali liliona yote hayo, likapita.

Mpishi aliingia kwenye jengo la ofisi lenye vioo vya bluu. Akapanda lifti. Sindano alipanda ngazi mbili mbili, akafika ghorofa ya nne akiwa hajaanza kuhema. Kibao mlangoni kilisema kliniki ya meno.

"Ni Daktari wa Meno," alinong'ona redioni.

Kitengo kilimjua mtu huyo. Alionekana katika miji mingi akiwa na mkoba wa daktari na tabasamu la tangazo la dawa ya mswaki, na kila alipopita, kiwanda fulani kilipoteza siri yake. Hakuwahi kung'oa jino la mtu.

Mapokezi hapakuwa na mtu. Sindano aliingia chumba cha stoo kilichopakana na chumba cha matibabu. Alibandika ukutani kisahani cha kusikilizia, chembamba kama sarafu. Chini ya mlango wa kati akapenyeza kamera yenye shingo ya waya, akatazama kwenye kioo cha saa yake.

Aliona kiti cha mgonjwa. Aliona viatu vya mumewe, kamba ya kushoto imefunguka. Aliona chupa ya kijani inatoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine.

Alifunga macho, kisha akayafungua kwa sababu kazi haifanywi macho yakiwa yamefungwa.

"Kifungo," alisema.

"Nimesikia," Mjomba alijibu. "Pacha, panda na vijana."

Ndivyo alivyomtia mumewe mikononi mwa kitengo. Hata sauti haikumtetemeka, na hilo pia baadaye hakuweza kujisamehe.

Ndipo akasikiliza.

Upande wa pili Daktari wa Meno alikuwa ametoa kichupa cha unga ndani ya chupa ya chai na kukielekezea kifaa cha miale kilichofanana na drili. Kifaa kililia mara moja.

"Manganizi ipo," alisema. "Titani ipo. Viwango safi kabisa."

"Lithiamu mashine hiyo haiioni." Sauti ya Mpishi ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Najua. Kwenye lithiamu nakuamini. Huwezi kunidanganya wewe, maana mkeo asubuhi ametoka na koti la bluu, na gari lake la kijivu linalala nje bila alamu."

Damu ilimganda Sindano ndani ya koti lilelile la bluu.

"Tulikubaliana," Mpishi alisema. "Nikikupa huu, mnamwacha. Yeye hajui lolote kuhusu mambo haya. Ni mtu wa bima tu, anakagua magari."

Ni mtu wa bima tu.

Sindano aliegemea rafu ya stoo. Wiki tatu za mumewe kukosa usingizi, kuamka na kukagua kitasa cha mlango, kumwomba asirudi amechelewa, zote zilimrudia kwa mkupuo mmoja. Alidhani ni kazi. Alidhani, Mungu amsamehe, kuwa labda kuna mwanamke. Kumbe mtu alikuwa amekaa na roho mkononi, anamlinda mke ambaye kila siku hubeba bastola. Laiti angemwambia ukweli hata siku moja katika miaka minane, huyu bwana angekuja kwake siku ya kwanza ya vitisho na kusema, mke wangu, nimekaliwa kooni, nisaidie. Na yeye angemsaidia, ndiyo kazi yake.

"Mjomba, sitisha. Hakuuza. Wanamtishia kwa ajili yangu."

"Vijana wako ngazini."

"Wakiingia kwa kishindo atamfanya ngao. Sitisha."

"Amri imeshatoka, mwanangu."

Kutoka chini ulisikika mlio wa risasi. Mlinzi wa Daktari wa Meno alikuwa amekutana na Pacha.

Sindano hakungoja. Aliupiga mlango wa kati kwa kisigino, ukafunguka mpaka ukutani.

Glock mbele, mikono miwili.

Mpishi aligeuka. Alimtazama mkewe, akaitazama bastola, akarudi kwenye uso wa mkewe, akitafuta ile sehemu ambapo vitu viwili hivyo vinakutana.

"Fujo?" alisema, polepole.

Daktari wa Meno alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Alishamvuta Mpishi kifuani kwake, na bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti ilitokea chini ya kitambaa cha mgonjwa. Sindano aliona jicho moja, nusu ya sikio. Kwingine kote alikuwa mumewe. Kidole kilikataa.

Bastola ya yule mtu ilikohoa mara moja, kuelekea chini.

Mpishi alianguka akiwa ameshika paja. Mtu mzoefu hamuui anayemzuia. Anamjeruhi anayependwa, ili anayempenda abaki. Daktari wa Meno aliikumbatia chupa ya chai na kichupa chake, akatoka kwa mlango wa dharura.

Damu ilikuwa nyingi na ilitoka kwa midundo. Sindano alijua maana yake: mshipa mkubwa umekatika. Alipiga magoti, akavua mkanda, akauzungusha juu ya jeraha, akakaza.

"Pacha, uko wapi? Nina majeruhi ghorofa ya nne."

"Chini yako tu. Huyu jamaa wa ngazini hataki kulala. Nakuja."

"Chupa, Sindano," Mjomba aliingilia. "Akifika barabarani tumeipoteza. Chupa."

Mpishi alimshika mkono wa koti. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini macho yalikuwa ya siku zote, ya mtu anayetaka kueleza jambo kuanzia mwanzo.

"Mwache aende," alisema. "Fujo, mwache tu. Ule unga niliu..."

Sindano alidhani mumewe bado anamlinda. Alidhani anataka mnunuzi aende na mzigo wake, ili mkewe wa bima asiguswe. Na kwa kuwa alidhani hivyo, moyo ulimpasuka na hasira zikampanda kwa pamoja, hasira za kumrudishia mumewe kitu alichonyang'anywa kwa ajili yake. Aliichukua mikono ya Mpishi akaiweka kwenye mkanda.

"Kaza hapa. Usiachie. Pacha yuko mlangoni, na mimi narudi sasa hivi."

Alisimama. Mkono wa Mpishi ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi kwenye mkanda.

Hakuingoja sentensi iishe.

Ngazi za dharura zilikuwa za chuma, zikilia kama sufuria. Chini yake aliziona nywele za Daktari wa Meno zikizunguka. Alifyatua moja, ikagonga chuma. Yule alijibu mbili bila kutazama, vipande vya rangi vikamrukia Sindano shavuni. Hakusimama. Ghorofa ya mwisho aliruka ngazi zote zilizobaki, akatua vibaya kwa goti, akainuka.

Maegesho ya chini. Giza la saruji, harufu ya mafuta.

Land Cruiser nyeusi iliunguruma, taa zikamwaka usoni. Ilimjia moja kwa moja. Alisimama katikati ya njia, akavuta pumzi, akaitoa nusu.

Tairi la kulia. Tairi la kushoto.

Gari lilimpita kwa upana wa kiganja na kujichoma kwenye nguzo. Kabla king'ora chake hakijaanza kulia alishafungua mlango, akamvuta Daktari wa Meno kwa tai yake ya hariri na kumlaza kwenye sakafu, goti kwenye uti wa mgongo. Pingu zikabana. Tabasamu la tangazo halikuwepo tena. Meno mawili yalibaki kwenye usukani.

"Kumbe bima siku hizi wanafanya kazi," yule mtu alisema, akitema damu.

Chupa ya kijani ilikuwa chini ya kiti, nzima, raba yake nyekundu ipo. Sindano aliikwapua.

"Mjomba, ninayo. Mnunuzi amefungwa."

"Kazi safi. Safi sana."

Alipanda kwa lifti, chupa kifuani, akipanga maneno. Angeanza na bima. Angesema, kuna jambo nimekuficha, nikasirikie ukishapona.

Pacha alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha Mpishi kiko mapajani mwake. Pacha alikuwa rafiki yake wa mafunzo, mtu wa mzaha ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila neno la kuchekesha. Sasa mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwiko.

Mkanda ulikuwa umelegea.

"Yule mlinzi alinichelewesha," Pacha alisema. "Nilipofika mikono ilikuwa imeshaishiwa nguvu."

Sindano aliiweka chupa chini. Alimshika mumewe shavu. Lilikuwa bado na joto, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia kwa sauti, mbele ya Pacha, mbele ya vijana waliokuwa wanaingia na bunduki zao, na hakujali.

Pacha alivua koti, akamfunika Mpishi miguu.

"Aliniachia ujumbe wako. Alisema nikuambie ule unga aliuacha upoe ndani ya tanuri. Alisema Fujo ataelewa. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Maana yake nini?"

Akaona kiraka cha njano. Kisafi, nyuma ya mlango wa jikoni.

Aliyeupika unga ule jana hakuyagusa mabamba ya shaba. Alizima tanuri, akavuta kiti, akauacha ufe taratibu. Aliwapikia wezi masizi yenye manganizi safi na titani safi, kitu ambacho mashine yao isingekishuku, kisha akaja nyumbani na glavu isiyoungua na kuitundika mbele ya macho ya mkewe. Na mkewe alitania.

Mwache aende. Ule unga niliuacha upoe.

Yalibaki maneno mawili tu.

Mjomba alimwita ofisini baada ya mazishi. Alimpa mkono, akampa chai, akamwambia jina la Mpishi limesafishwa na litaandikwa panapostahili. Profesa wa taasisi alikuwepo pia, amekunja barakoa mkononi. Alieleza kwamba wameupima unga wa kwenye chupa. Atomu zimekaa vikundi, njia zimefungika, betri waliyoitengeneza haikushika chaji ya maana. Wale watu wangehangaika nao mwaka mzima wakitafuta kosa lao wenyewe.

"Kwa hiyo," Sindano alisema, "ningemwacha aende, tungepoteza nini?"

Profesa alitazama viatu vyake. Mjomba alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Hukujua, mwanangu. Hakuna aliyejua."

"Nilijua. Nilikiona kile kiraka kabla yenu wote." Aliinuka. "Tungepoteza chupa ya chai, Mjomba. Ya kijani, kifuniko kimepasuka."

Hakukasirika alipotoka. Hasira zote alishajielekezea mwenyewe, hazikubaki za kumgawia mtu.

Alipita nyumbani kwanza. Alichukua glavu kwenye msumari, akaenda taasisi. Safari hii aliingia kwa geti la mbele, kwa jina lake, kama mjane wa mfanyakazi.

Fundi wa Tanuri alimpokea. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyefanya kazi na Mpishi tangu tanuri lile lilipojengwa. Alimwonyesha kabati la kioo lililojazwa gesi ya agoni ya kuzuia hewa. Ndani yake, kwenye kisahani cheupe, vilikaa vidonge vyeusi vilivyoshindiliwa, bado havijapikwa. Siku ile kabla ya kutoka na chupa yake, Mpishi alimwambia asiviguse. Akirudi watavipika wenyewe kwa nafasi, kwa sababu hivi ndivyo vya kweli.

"Tumeogopa kuvigusa," mama yule alisema. "Ile haraka ya mwisho aliifanya yeye siku zote. Ukichelewa kidogo vimekufa, na yeye hayupo kushindilia vingine."

"Washa tanuri," Sindano alisema.

"Unajua inavyofanywa, dada?"

"Nimeisikia kila jioni."

Walivipika siku nzima. Mama alimsimulia jinsi Mpishi alivyopenda kulisemesha tanuri, na jinsi alivyowachosha wafanyakazi wote kwa habari za kabati la mke wake. Sindano alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, kisha akafunga vifungo vya aproni.

Namba kwenye kioo ilipofika, alivaa glavu. Zilikuwa kubwa. Ndani ya gumba la kulia alihisi mshono wake mbaya.

"Sasa," mama alisema.

Mlango ulifunguka, joto likamjaa usoni. Mkono ule uliokataa kwenye kliniki ya meno sasa haukukataa. Koleo likaingia, likashika, likatoka na kikombe cha vidonge chekundu kama jua la jioni. Alikipindua juu ya shaba, akashusha bamba la pili, akaegemea kwa uzito wake wote. Kulisikika mlio mfupi. Moshi mwembamba ulipanda kwenye gumba lake na ngozi ikanuka, harufu ambayo alikuwa akiisikia kwenye shati la mumewe miaka yote.

Waliinua bamba. Mama aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Viko hai," alisema. "Mashine itathibitisha kesho, lakini mimi najua. Hata yeye hakuwa mwepesi hivi."

Sindano aliitazama glavu. Katikati ya kiraka cha njano palikuwa na doa jeusi, la ukubwa wa gumba la mtu.

Aliikunja ikiwa bado na joto, akaitia mfukoni mwa koti. Akamshukuru mama kwa mikono miwili, akatoka. Barabarani ile Nokia ilianza kutetemeka kwenye mkoba, ikaacha, ikatetemeka tena. Hakuitoa. Kwenye taa alisimama, akasubiri kijani ingawa hakukuwa na gari hata moja, kisha akavuka kwa mwendo wake uleule wa kazini, kichwa juu, hana hili wala lile. Aliyemwona angedhani ni mtu wa bima tu, anarudi ofisini.